Unataka kumlinda mbwa mwitu na magonjwa? Soma hii kabla hujapanda gari pale Rangi Tatu

Kama uko Dar na umesikia habari za mbwa mwitu kufa na kichaa cha mbwa au distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua mbwa) ukasema na mimi nataka nikajitolee, karibu kwa mikono miwili, tunakuhitaji. Ila kitu cha kwanza ukijue mapema: mbwa mwitu hutomshika, na pengine hata kumuona hutomuona. Kazi yote iko kijijini, kwenye chanjo ya mbwa wa watu, hawa hawa wanaolinda mahindi yasiliwe na nyani na wanaozurura jalalani, na ukielewa kwanini iko hivyo utaifanya kwa moyo, usipoelewa utachoka siku ya kwanza saa nne asubuhi jua likianza kuwaka.

Ngoja nieleze hapo kidogo maana ndo msingi wa yote. Mbwa mwitu wamebaki wachache sana duniani, makadirio ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ni kama 6,600 na kati yao wanaozaa ni kama 1,400 tu, na nchi yetu ni moja ya zile zinazobeba wengi, hasa huku kusini kwenye Hifadhi ya Nyerere na Selous, na kule Ruaha. Kwahiyo sisi wa Dar tuko jirani na moja ya ngome zao kubwa kabisa, watu hawalijui hili, wanadhani wanyama ni mambo ya Arusha.

Sasa tatizo la mbwa mwitu ni jinsi anavyoishi. Kundi zima ni familia, wanaozaa kawaida ni dume moja na jike moja na waliobaki wanasaidia kulea, wakirudi kuwinda wanawatapikia nyama watoto na yule aliyebaki kulinda, wakiamka wanasalimiana kwa kulambana midomo. Ni kama familia inayokula sinia moja, akiugua mmoja mate yake yanafika kwa wote kabla hujajua kinachoendelea. Alafu wanatembea sana, eneo la kundi moja linaweza kuwa mamia ya kilomita za mraba, hawaangalii kibao cha hifadhi kinaishia wapi, kwahiyo siku moja wapo ndani ya pori, siku nyingine wapo nyuma ya shamba la mtu ambapo mbwa wa huyo mtu nae yupo.

Na hii sio hofu ya kufikirika. Serengeti makundi yaliyokuwa yanafuatiliwa na watafiti yalipotea yote ilipofika 1991, na kichaa cha mbwa kilikuwa kimeshathibitishwa kwenye makundi hayo, ikachukua miaka mingi mpaka TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) walipoanza kuwahamisha wengine kutoka Loliondo kuwarudisha ndani. 1994 distempa ikaingia kwa simba wa Serengeti, karibu theluthi moja wakafa, ni kama simba 1,000 hao. Alafu ile inayoniuma mpaka leo ni ya Mkomazi, walikuwa wanafugwa mbwa mwitu kwa ajili ya kuja kuwarudisha porini, kati ya Desemba 2000 na Februari 2001 distempa ikaua 49 kati ya 52, na walikuwa wameshachanjwa kwa ile chanjo ya virusi vilivyouawa. Umeona? Kumchanja mbwa mwitu mwenyewe sio jambo jepesi, chanjo nyingine hazimkingi vizuri, nyingine zenye virusi hai zimeshawahi kumuua, na kumkamata porini kwa sindano ya usingizi ni hatari na gharama. Kwahiyo akili kubwa ni kuuzima ugonjwa huku unakotoka, kwa mbwa wa kufugwa. Ukifikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo wana chanjo, kichaa kinakosa njia ya kupita kinakufa chenyewe, na faida yake mtoto wa kijijini nae anapona, maana karibu binadamu wote wanaokufa na kichaa duniani wameng'atwa na mbwa.

Haya tuingie kwenye kazi.

Nafasi unaipata wapi

Usianzie porini, anzia kwenye kata yako. Kila kata ina afisa mifugo, au kata mbili tatu zinashare mmoja, nenda ofisi ya mtendaji kata muulizie. Msalimie vizuri, mwambie unataka kusaidia kwenye zoezi la chanjo ya mbwa, muulize wanafanya lini. Zoezi nyingi zinapangwa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, ila zipo na za katikati ya mwaka kutegemea chanjo imefika lini. Fanya kwanza moja ya hapa hapa mjini, iwe Kigamboni, Chanika, Mbagala, Goba, popote, ujifunze karibu na nyumbani ambapo ukishindwa unapanda daladala unarudi. Usidharau hii, mbwa wa Dar nao wanahesabika, kuna watu wananunua watoto wa mbwa mjini wanapeleka shamba Rufiji na Kisarawe, ugonjwa unasafiri nao kwenye boksi ndani ya basi.

Ukishakuwa mzoefu kidogo ndo unaomba kwenda vijiji vinavyopakana na hifadhi. Hapo njia ni kadhaa. Kuna halmashauri zenyewe, kama ya Rufiji au Kisarawe au Morogoro vijijini, ofisi ya mifugo ya wilaya. Kuna wanafunzi na walimu wa udaktari wa mifugo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, ambao mara nyingi ndo wanabeba hizi kazi, ukimjua hata mmoja muombe akuingize kwenye grupu lao la wasap. Taasisi ya Afya Ifakara nao wamefanya kazi ya kichaa cha mbwa ukanda huu wa kusini kwa miaka mingi. Na kwa taarifa yako Dar yenyewe ilikuwemo kwenye mradi mkubwa wa chanjo za mbwa ulioanza 2010 chini ya Shirika la Afya Duniani, wilaya 28 za kusini mashariki pamoja na Pemba, kwahiyo kwenye ofisi za mifugo bado wapo maafisa wanaojua hii kazi nje ndani, watafute hao, kaa nao, wasikilize.

Barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa wako ni lazima, na kitambulisho cha NIDA, ukifika kijiji cha watu bila barua mwenyekiti ana haki ya kukurudisha. Kama unachotaka ni utafiti, yani unataka kukusanya takwimu uje uandike ripoti ya chuo, hiyo ni habari nyingine, unahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, pale Sayansi na wanyamapori unapitia TAWIRI, usichanganye. Na mtu akikwambia lipa hela nyingi ndo ujitolee, muulize hela inanunua nini, chanjo ngapi, kijiji gani, daktari gani wa mifugo aliyesajiliwa ndo anasimamia. Akianza kuzunguka zunguka, achana nae.

Mwili wako kwanza

Hapa sibembelezi mtu. Huendi kushika mbwa wa kijijini kama hujachanjwa wewe mwenyewe. Kichaa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu hakuna dawa, mtu anakufa, basi. Chanjo ya kujikinga ipo, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani tangu 2018 ni dozi mbili, ya kwanza na ya pili baada ya siku saba, usishangae hospitali nyingine wakikupangia tatu kwa utaratibu wa zamani, zote sawa. Anza kuitafuta angalau mwezi mzima kabla, maana saa nyingine unafika hospitali unaambiwa imeisha unaanza kuzunguka mji. Pepopunda pia hakikisha iko sawa.

Na hata ukiwa umechanjwa, uking'atwa au ukikwaruzwa au mate yakiingia kwenye kidonda, unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15. Dakika 15 za saa, weka simu. Watu wanaosha dakika moja wanapaka spiriti wanaendelea na kazi, hapana. Alafu unaenda hospitali siku hiyo hiyo, utaongezewa dozi mbili, siku hiyo na siku ya tatu. Yule ambaye hakuchanjwa kabla yeye anahitaji dozi nyingi zaidi na kama jeraha ni baya anahitaji na ile kinga ya moja kwa moja inayochomwa kwenye kidonda, ambayo kuipata wilayani ni shughuli pevu. Kwahiyo kabla hamjaondoka kiongozi wa timu awe ameshapiga simu kujua kituo cha afya gani cha karibu kina chanjo ya binadamu.

Vya kubeba sio vingi: suruali ndefu nzito, viatu vya kufunika mguu (sandoz acha nyumbani), glovu, sabuni ya kipande na dumu la maji la kwenu wenyewe, kofia, maji ya kunywa, kalamu tatu maana zinapotea, maka peni, pawabenki. Kamba laini za pamba nunua Kariakoo za kutosha, zile za manila ngumu zinamkata mbwa shingo. Hela ndogo ndogo za bodaboda.

Safari yenyewe

Kwa upande wa Nyerere wengi tunaingilia Mloka, gari za kusini zinaanzia Mbagala Rangi Tatu, alfajiri sana, na kipindi cha masika usijiaminishe, barabara ya huko ikilowa mnaweza kulala njiani na chanjo ikaharibika. Upande mwingine ni Kisaki, treni ya TAZARA inapita hapo na inakatiza kabisa ndani ya pori, utaona twiga dirishani, ila ratiba yake uwe na subira nayo. Kiangazi ndo wakati mzuri, na ikiwezekana mapema kiangazi kabla mbwa mwitu hawajatulia kwenye mashimo kulea, maana wakiwa na watoto hawahami kwa kama miezi mitatu, ugonjwa ukiwakuta hapo unafagia na watoto wote.

Deli la chanjo ndo mgonjwa wenu njiani. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, kwahiyo deli halikai kwenye buti ya gari juani wala pembeni ya injini ya basi, linakaa miguuni kwa mtu na huyo mtu ana jina, sio la wote. Barafu isigusane na vichupa moja kwa moja, weka gazeti au kitambaa katikati, kwa sababu chanjo ya kichaa ikiganda inaharibika kama tu ikipata joto, watu wanaogopa joto peke yake wanasahau hili. Deli lifunguliwe mara chache. Kipima joto kiwe ndani na mtu aandike kila masaa kadhaa.

Kijijini

Mkifika, kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, na mtendaji, hata kama mmechelewa. Zoezi liwe limeshatangazwa siku kadhaa nyuma, shuleni (hii ndo inafanya kazi kuliko zote, watoto ndo wanaoleta mbwa), kwa wenyeviti wa vitongoji, kwa bodaboda mwenye kipaza sauti, na ukiongea vizuri na imamu atawatangazia baada ya swala. Siku usichague Ijumaa wala siku ya gulio. Jumamosi ni nzuri watoto hawako shule. Muda ni kuanzia kumekucha mpaka saa tano, baada ya hapo watu wako shamba, mbwa wanahema, na deli linaanza kupoteza baridi.

Hapa niseme kitu ambacho wa mjini wengi hatukifikirii. Pwani yetu na Rufiji ni watu wa dini, wengi hawafugi mbwa, na mate ya mbwa ni najisi, mtu akiguswa ana kazi ya kujitwaharisha. Kwahiyo kituo cha chanjo usikiweke karibu na msikiti wala kisima, hata kama hapo ndo kuna kivuli kizuri. Ukitoka kushika mbwa usiende kumpa mtu mkono wala kukaa kwenye mkeka wake na nguo zile zile, vua glovu, nawa, ndo umsogelee. Mama akikukaribisha chai mwambie tu mama ngoja ninawe kwanza nimetoka kwenye mbwa, atakuheshimu. Na wale wasiofuga mbwa ni muhimu kwenu vile vile, kwa sababu ndo wanaong'atwa, waelezeni, wao ndo watamsukuma jirani yao ampeleke mbwa wake.

Wanaofuga wengi ni wa aina mbili, wenye mashamba wanaofukuza nguruwe pori na nyani, na wawindaji. Wawindaji ndo mbwa wao hasa tunaowataka, maana hao ndo wanaoingia porini na kukutana na mbwa mwitu na bweha na fisi. Na wao ndo wanaotuogopa zaidi. Ukija na gari la hifadhi na askari wenye sare, mbwa wote wa wawindaji watakuwa "wameenda shamba" siku hiyo. Usiulize mtu anawinda nini. Usipige picha mbwa mwenye makovu ya pembe ukamuuliza mwenye mbwa imekuwaje. Sisi tumekuja kwa ajili ya chanjo, ujangili una watu wake wa kuushughulikia, ukichanganya hizi mbili umepoteza zote, nalisema hili kwa uzito wote.

Maswali utakayoulizwa yajue majibu yake. Atakuja mzee na mbwa wake wanne amewafunga kwa magome ya mti, utamwamkia shikamoo mzee, atakuitikia marahaba mwanangu, alafu atakaa kimya akiangalia sindano, mwisho atakuuliza hii haitomlegeza akashindwa kufukuza? Usicheke na usimjibu haraka haraka. Mwambie hapana mzee, leo anaweza kuwa mzito kidogo na pale alipochomwa pakavimba kidogo, kesho kutwa yuko sawa, na akienda porini akakutana na mgonjwa hatorudi na kichaa kuja kumng'ata mjukuu. Atauliza tena, hela ngapi? Kama ni bure sema bure na umuonyeshe kadi yake inayobaki nayo yeye. Ukimhudumia vizuri huyu mzee mmoja, kesho watakuja wenzake wote waliokuwa wanachungulia.

Kuchoma sindano sio kazi yako, labda uwe mtaalam aliyesajiliwa au msaidizi anayesimamiwa, Sheria ya Veterinari ya 2003 iko wazi na ina sababu. Kazi yako ni foleni, kumsaidia mwenye mbwa kushika, rejista, deli, na kuongea na watu. Na hizi kazi ndo zinaamua zoezi limefanikiwa au limefeli.

Foleni: mbwa na mbwa wakae mbali, hatua kama tano sita kati yao, ikiwezekana kila mmoja na mti wake, maana wakianza kugombana mbwa waoga wote watachomoka na hao hawarudi tena. Mtoto mdogo asishike mbwa mkubwa, muite kaka yake. Mbwa aliyeletwa na waya shingoni mfungue taratibu umpe kamba yetu. Kushika: anashika mwenye mbwa, sio wewe, mbwa anamjua yeye. Wewe unamuelekeza asimame upande, ampitishe mkono shingoni kichwa kielekee mbali na daktari, na kama ni mkali unampa kamba afunge mdomo yeye mwenyewe, kitanzi juu ya pua, kinazunguka chini ya kidevu, kinafungwa nyuma ya masikio. Usimsimamie mbwa kwa juu wala kumkodolea macho, chuchumaa pembeni yake, angalia pembeni, ongea kwa sauti ya chini. Mbwa anatetemeka, mkia umeingia ndani, masikio yamelala, midomo anailamba, hapo ameshakwambia anaogopa na anayeogopa ndo anang'ata, mpe dakika. Akikataa kabisa muache, andika kwenye rejista mtamfuata nyumbani jioni, usilazimishe mkavunja mtu mkono.

Watoto wa mbwa nao waandikwe. Watu huwa wanawaacha nyumbani kwa kudhani ni wadogo, mwambieni mwenyekiti atangaze mapema walete wote, daktari ndo ataamua yupi anachanjwa leo.

Rejista naipenda kuliko kazi zote na watu wanaikimbia. Jina la mwenye mbwa, kitongoji, simu kama anayo, jina la mbwa, dume au jike, umri wa kukadiria, rangi, namba ya toleo la chanjo iliyo kwenye kichupa. Andika herufi zinazosomeka. Jina la mbwa lina kazi yake, mwakani mtoto yule yule atakuja aseme huyu ni Popi mlimchoma, unakuta Popi yupo kweli kwenye kitabu, au unamkuta Popi ni mwingine kabisa yule wa zamani alishakufa, na hiyo ni taarifa kubwa. Muulize pia kila anayekuja, nyumbani wamebaki wangapi? Jibu liandike. Kila aliyechanjwa awekewe alama, mkanda wa rangi shingoni au rangi ya mifugo mgongoni.

Kwanini alama? Kwa sababu jioni ile ile, au kesho yake alfajiri mbwa wakiwa wanatembea, mnagawana vitongoji mnapita njia zote kwa miguu mnahesabu tu, wenye alama wangapi, wasio na alama wangapi. Hapo ndo utajua ukweli. Mnaweza kuwa mmechanja mbwa wengi mpaka mmefurahi kumbe kitongoji cha mwisho kule karibu na pori, ambacho ndo muhimu kuliko vyote, hakikuleta hata nusu kwa sababu ni mbali kutembea na mbwa. Sasa badala ya kurudi Dar mnachukua bodaboda na deli mnakwenda huko huko nyumba kwa nyumba. Hii siku ya pili ndo inayotenganisha timu zinazomlinda mbwa mwitu na zilizokuja kupiga picha. Pangeni safari yenu iwe na hiyo siku.

Distempa ni chanjo tofauti, usimwambie mtu mbwa wake amekingwa na yote. Kirusi chake ni ndugu wa kile cha surua, kinasambaa kwa makamasi na hewa ya karibu, bei yake ni kubwa na zoezi nyingi za serikali ni za kichaa peke yake, kwahiyo ukipata mfadhili wa kuongezea vijiji vya mpakani hata viwili tu, mpeleke huko. Mkiwa kijijini ukiona mbwa macho yana usaha, pua inatiririka, anaharisha, au anatikisika kichwa na misuli kama mwenye degedege, usimsogeze kwenye foleni, mwite daktari, muulize mwenye mbwa kuna wengine wameugua mtaani? Hiyo taarifa ifike kwa afisa mifugo wa wilaya siku hiyo hiyo.

Mkikuta mzoga

Iwe mbwa mwitu, bweha, nguchiro, au mbwa wa kawaida aliyekufa ghafla, hakuna kugusa, na fukuza watoto na mbwa wengine. Piga picha, chukua lokesheni kwenye simu, mpigie askari wanyamapori au afisa mifugo. Sampuli ya ubongo inachukuliwa na mtaalam mwenye vifaa inapelekwa maabara, TVLA (maabara ya veterinari ya serikali) wapo pale Temeke Veterinari. Mnyama wa porini ambaye hakuogopi, anatembea mchana anayumba au mate yanamtoka, huyo rudi nyuma taratibu, ingia kwenye gari, usimpe maji wala chakula kwa huruma. Na picha za mbwa mwitu wazima ukibahatika kuwaona nazo zina kazi, kila mmoja madoa yake ni ya kwake peke yake, watafiti wanawatambua kwa hayo, piga pande zote mbili za mwili kisha wapelekee hifadhi na tarehe na mahali. Ila pango lao lenye watoto usilitangaze mtandaoni, watu watajazana.

Mkirudi mjini

Viatu na kamba vioshwe kwa dawa kabla ya kufika nyumbani hasa kama una mbwa wako, maana unaweza kubeba ugonjwa kupeleka au kuleta. Sindano zilizotumika zinarudi kwenye boksi lake la usalama mpaka kituo cha afya, zisichimbiwe kijijini. Rejista inapigwa nakala, moja inabaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa afisa mifugo wa wilaya, na nyie mnabaki na picha zake.

Alafu kabla hujamuaga mwenyekiti mpange naye mwezi wa mwakani. Mbwa wa kijijini hawaishi sana na wanazaa sana, asilimia 70 yenu ya mwaka huu ikifika mwakani imeshashuka, watoto wote waliozaliwa katikati hawana kinga. Pemba waliwahi kukimaliza kichaa kabisa 2014, 2016 kikarudi, ikabidi waingie tena kuchanja mpaka kikaondoka. Kwahiyo ukimuahidi mwenyekiti utarudi, rudi, na ukishindwa wewe mtafute wa kwenda badala yako umpe namba ya mwenyekiti na ile rejista, amkute Popi kwenye kitabu.